Maneno ya Wimbo Yasikike: Mwongozo wa Kuandaa Mchezo wa Nyimbo na Vijana Kisumu

Shoo yetu ya kwanza ilianza saa kumi na moja jioni, ukumbi umejaa, mabati juu ya vichwa vyetu. Wimbo wa tatu ulipofika ubeti wa pili, mvua ya ziwani ikashuka bila hodi, na kwa dakika ishirini watu walitazama vijana thelathini wakifungua na kufunga midomo. Shoo ilipoisha, mama mmoja akanishika mkono akaniambia kwa upole ule unaouma: "Mwalimu, mmecheza vizuri sana. Lakini mlikuwa mnasema nini?"

Tangu siku hiyo kila uamuzi naupitisha kwenye swali la yule mama. Katika mchezo wa kawaida, mtu akikosa sentensi moja, inayofuata itamwokoa. Katika mchezo wa nyimbo, hadithi hugeuka ndani ya wimbo: ndipo binti anapoamua kuondoka, ndipo mzee anapokiri. Aliyekosa maneno ya wimbo amekosa hadithi, hata kama ngoma imemchezesha kwenye kiti. Mwongozo huu ni wa kikundi cha vijana wa miaka kumi na miwili hadi ishirini hivi, wasio na pesa nyingi, hapa Kisumu au miji jirani.

Kalenda kwanza, mswada baadaye

Watu huanza na hadithi. Anza na siku ya shoo, uhesabu kurudi nyuma.

Masika hapa ni Machi hadi Mei, lakini ziwa halisubiri masika. Joto la mchana huinua unyevu, mawingu hujikusanya, na mara nyingi mvua hupasuka alasiri au jioni. Kama ukumbi wenu ni wa mabati bila dari, anzeni saa nane mchana na mmalize kabla ya saa kumi. Kuna faida mbili zaidi: watoto wanafika nyumbani kukiwa na mwanga, na hamhitaji kukodi taa nyingi.

Siku gani? Jumamosi inaonekana nzuri mpaka ukumbuke matanga. Kanda hii watu husafiri Ijumaa, huzika Jumamosi, na ukumbi wako unabaki na viti. Halafu kuna Wasabato, ambao Nyanza si wachache; ukiweka mazoezi Jumamosi umewafungia mlango waimbaji waliokuzwa na kwaya tangu utotoni. Mimi hufanya mazoezi Jumapili baada ya ibada, na shoo Jumapili mbili zinazofuatana.

Likizo ni Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Desemba inavutia kwa urefu wake, lakini ikifika katikati ya mwezi waigizaji wameshapanda matatu kwenda nyumbani kwa babu zao. Shoo ya Agosti ndiyo imetukalia vizuri. Likizo ya Aprili tunachagua sauti na kufundisha nyimbo zote, hasa kwa walio shule za bweni. Muhula wa pili, wanafunzi wa kutwa wanafanya mazoezi kila Jumapili. Wa bweni tunawaona wakija mapumziko ya katikati ya muhula. Agosti wote wanarudi, tunafanya kazi kila siku. Usiweke shoo wikendi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa: wazazi wanatafuta karo, nani atanunua tiketi? Na watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wape kazi za kwaya au za nyuma ya pazia. Hakuna mzazi atakayekusamehe kwa alama.

Hadithi yenu au ya kununua

Mchezo maarufu wa Marekani au Uingereza haufanywi kwa kupakua nyimbo mtandaoni. Unaandikia kampuni inayoshika haki zake, unawaambia idadi ya viti, bei ya tiketi na mara ngapi mtaonyesha, nao wanakutajia ada. Ipo mipangilio iliyofupishwa kwa ajili ya vijana, kama ile ya dakika sitini ya kampuni ya Music Theatre International. Lakini leseni huja na masharti: huruhusiwi kubadilisha maneno, na kutafsiri kwa Kiswahili ni ruhusa nyingine. Subirini jibu kabla ya kuchapisha bango lolote.

Vilevile wimbo wa redioni wa msanii wetu. Leseni ya kupiga muziki hadharani ni kitu kimoja, na kuufanya wimbo wa mtu kuwa sehemu ya hadithi yako ni kitu kingine. Mwandikie mtunzi mwenyewe, upate jibu la maandishi. Nchini Kenya hakimiliki ya wimbo huendelea kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa, kwa hiyo "ni ya zamani" si jibu.

Ushauri wangu: tungeni yenu. Kanda hii ina hadithi ambazo zinaomba kuimbwa. Sisi tulichukua ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay. Mapokeo yanasema palikuwa na kijiji. Bibi kizee akaja usiku wa karamu ya pombe akiomba moto na chakula, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Itazame kama mtu wa jukwaa: una kwaya ambayo ni kijiji kizima, mgeni mmoja, mwenye huruma mmoja, karamu ya kuchezea ngoma, na mwisho wa kutisha. Wahusika wakuu ni watatu au wanne tu, wengine wote ni umati wenye kazi. Kwa kikundi cha vijana huo ni mgawanyo wa dhahabu, kwa sababu hakuna anayekaa nje akichezea simu. Ukichukua hadithi ya aina hii, kaa na wazee wa huko uisikie midomoni mwao kabla hujaigeuza.

Kutunga: msisitizo ndio bosi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo maneno hufa hata kabla ya mvua.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kila msemaji anajua hilo kwa sikio, lakini watunzi wengi, wakishapata biti tamu, hulazimisha maneno yaifuate. Mkazo ukihama, sikio la mtazamaji linapoteza neno kwa nusu sekunde, na wimbo haumsubiri. Wakati mwingine maana yenyewe inahama: *barabara* yenye mkazo kwenye silabi ya tatu, *-ba-*, ni njia, mkazo ukienda kwenye ya pili, *-ra-*, ni "sawasawa". *Walakini* ya "lakini" na *walakini* ya "kasoro" zinatofautiana kwa mkazo tu.

Dawa yake ni rahisi. Mpe kijana ubeti, mwambie ausome kwa sauti kama mtu anayegombana na jirani juu ya maji ya mfereji. Wengine wapige kofi kila mahali sauti yake inapokanyaga. Makofi hayo ndiyo mapigo ya wimbo wenu. Tungeni tuni juu yake, msiende kinyume.

Kama kuna beti za Kijaluo, angalia zaidi: ni lugha ya toni, na tuni inayopanda pale neno linaposhuka inaweza kuliharibu. Mwimbie mzee ambaye hajasoma mswada. Akikunja uso, rekebisha.

Jambo la pili ni irabu. Maneno yetu huishia kwa irabu, zawadi kubwa kwa mwimbaji. Lakini *a* na *o* ndizo zinazopanuka juu. *I* na *u* kwenye noti ya juu hubana koo la kijana na neno linatoka kama filimbi. Sauti ya kilele ikiangukia "nyumbani", jaribu kupanga upya sentensi ili iangukie "nyumba" au "nakuona".

Kwa mchezo wa dakika sabini na tano, nyimbo kumi au kumi na mbili zinatosha kabisa. Wa kwanza utuambie tuko wapi. Ndani ya dakika kumi na tano mhusika mkuu aimbe anachotaka, waziwazi, bila mafumbo. Wimbo unaorudia kile walichotoka kukisema kwa mazungumzo, kata. Ukikataa, kata mazungumzo.

Vyombo vya hapa ni utajiri, lakini vina tabia zao. Nyatiti ina nyuzi nane, hivyo noti zake zimehesabiwa. Tunga wimbo ndani ya nyuzi hizo. Ikipigwa pamoja na kibodi, nyatiti ndiyo ifuate kibodi, maana mpigaji anaweza kukaza nyuzi. Orutu, fidla ya uzi mmoja, husindikiza maombolezo vizuri kuliko chombo chochote ninachokijua. Na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, itafukia kila neno lililo karibu nayo. Iachie nafasi yake: ngoma icheze, maneno yakae kimya, halafu ngoma ipumzike ubeti usikike.

Wakati bado mnaelewana, andikeni ukurasa mmoja unaosema nani ametunga nini, na pesa zikija zigawanywe vipi. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kazi kupitia mtandao. Mtakapokuwa mmegombana itakuwa kuchelewa.

Kuchagua sauti

Kila kijana apewe kadi. Mwanzishe kwenye noti ya katikati, apande do-re-mi mpaka pale shingo inapoanza kukaza, kisha ashuke. Andika noti ya chini na ya juu anazoziimba *bila kuteseka*. Tumia solfa, vijana waliopita kwaya za shule na kanisa wanaisoma, na itakuokolea miezi.

Wavulana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na tano ni shughuli. Sauti inavunjika, na yule aliyekuwa soprano Aprili anakuja Agosti ana noti tano tu zinazomtii. Usimcheke, usimlazimishe, na usimfukuze. Kibodi ina kitufe cha kushusha ufunguo. Shusha nusu-toni mbili, tatu, tafuta alipo. Ndiyo maana nyimbo za mvulana wa umri huo usizirekodie muziki wa kudumu mapema.

Nafasi kuu si za sauti tamu zaidi. Mimi huketi benchi la mwisho, mgongo nimeupa jukwaa, daftari mkononi, na kila mmoja anaimba ubeti ambao sijawahi kuusikia. Naandika ninachosikia. Yule ambaye daftari langu limejaa maneno yake ndiye kiongozi, hata kama mwenzake anatetemesha sauti kama malaika. Wazazi wa malaika watalalamika. Waonyeshe daftari.

Kila nafasi kubwa iwe na watu wawili wanaoijua. Malaria, msiba, mjomba aliyeamua ghafla kwamba mtoto aende Eldoret: kitu kitatokea.

Mazoezi

Nyimbo kwanza, wiki nne nzima, bila hatua hata moja. Vijana watanung'unika wakitaka ngoma. Vumilia. Kijana aliyejifunza wimbo na ngoma kwa pamoja hukumbuka ngoma, maana mwili ni mwepesi kuliko ulimi.

Wiki ya tano ndipo miguu inaingia. Waimbe wakikimbia polepole mahali pamoja. Wimbo wakiuweza hivyo bila kuvunja sentensi katikati, wataweza jukwaani. Tia alama za kuvuta pumzi kwenye mswada kama unavyotia mkato. Na ukubali ukweli huu: anayerukaruka hawezi kubeba maneno muhimu. Mwenye ubeti asimame au atembee. Wachezaji wacheze pembeni yake, na waimbaji watano wasiocheza wasimame kando ya jukwaa kushikilia sauti.

Mazungumzo huja mwisho, nayo huenda haraka kuliko unavyotegemea. Wiki mbili kabla ya shoo anzeni kupitisha mchezo mzima bila kusimama, hata mtu akianguka.

Teua msimamizi wa jukwaa tangu siku ya kwanza. Mara nyingi ni yule msichana mkimya anayekumbuka kila kitu. Yeye ndiye mwenye mswada mkuu, ulioandikwa nani anaingia wapi, na siku ya shoo neno lake ni juu ya lako. Hilo lilinishinda mwaka wa kwanza. Nilikuwa napiga kelele nyuma ya pazia mpaka mama mmoja wa kwaya akanitoa nje.

Wazazi, chakula, usalama

Barua kwa kila mzazi: siku, saa, nani anawarudisha, namba za kupiga. Ruhusa ya picha na video iwe na sahihi yake ya pekee, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Wasichana na wavulana wabadilishie nguo vyumba tofauti. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja, hata wewe mwenyewe. Mazoezi yaishe saa kumi na moja, na wa Nyalenda watoke pamoja, wa Manyatta pamoja. Uji na mandazi si ukarimu, ni bajeti: mtoto mwenye njaa haimbi.

Ukumbi, maiki na stima

Kisumu kuna Mama Grace Onyango Social Centre, jengo lenye jina la mwanamke wa kwanza kuwa meya hapa na wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya, mwaka 1969. Kuna kumbi za shule na za makanisa. Nakuru wana bahati ya Nakuru Players Theatre, jengo lililokusudiwa michezo hasa. Popote uendapo, simama jukwaani na mwenzako akae mwisho, msemezane kwa sauti ya kawaida. Ukisikia neno likirudi mara mbili kutoka ukutani, tundika mablanketi na mapazia mazito nyuma na pembeni. Ukumbi mtupu hudanganya pia. Watu wakijaa hunyonya mwangwi.

Maiki za kuvaa ni ghali kukodi. Ukipata sita, wape wenye beti za peke yao, na wengine washirikiane kwa kubadilishana nyuma ya pazia, jambo ambalo lazima lifanyiwe mazoezi kama ngoma. Kwaya iwe na maiki mbili tatu za kusimama mbele. Spika zikae mbele ya mstari wa waigizaji, sivyo zitapiga mbinja. Betri mpya kila shoo, hata kama za jana "bado ziko sawa". Kisanduku cha maiki kishonewe kifuko kiunoni. Soksi ya mtumba inatosha.

Fundi wa sauti ahudhurie angalau mazoezi mawili akiwa na mswada. Wetu wa mwanzo alifika nusu saa kabla ya shoo na kuweka muziki juu na sauti chini, kama harusini. Kanuni ni kinyume: weka sauti za watu kwanza, halafu ongeza muziki polepole mpaka neno la kwanza lipotee, kisha rudi nyuma.

Stima itapotea. Jenereta iwekwe nyuma ya ukuta mbali na jukwaa, ijaribiwe siku iliyotangulia ikiwa na mzigo wote. Na fanyeni zoezi moja kamili bila stima kabisa, bila maiki. Vijana wakijua wanaweza, siku yenyewe hawatashtuka.

Maleba tafuteni soko la Kibuye. Mtumba wa shuka na mapazia hutoa kijiji kizima kwa bei ya gauni moja. Mafuriko yetu yalikuwa vitambaa viwili vya bluu, mita kumi na mbili kila kimoja, vijana wanne kila upande wakivipandisha kutoka magotini hadi juu ya vichwa. Mwanzoni tuliwafunika waimbaji humo ndani. Walikohoa, hatukusikia neno. Sasa wanaozama hunyamaza, na walio kando huimba.

Vibali na pesa

Sajilini kikundi kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya 2022. Bila cheti, benki na kaunti hawatawasikiliza. Michezo ya jukwaani ina sheria yake, Sura ya 222, kwa hiyo pelekeni mswada KFCB, bodi ya filamu, mapema muulize wanahitaji nini. Kama ni uwanjani na spika, kuna kanuni za kelele za 2009. Chifu na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, wapelekeeni barua na tiketi mbili.

Pesa, fanya hesabu ya mtu mwoga. Viti 250? Hesabu watu 150. Tuseme 90 ni wakubwa kwa shilingi 200, na 60 ni watoto kwa 50: hiyo ni 18,000 na 3,000, jumla 21,000. Shoo mbili, 42,000. Bajeti ikizidi hapo na hakuna mfadhili aliyekwisha kutoa (si aliyeahidi), kata. Mpangilio wangu ni chakula na nauli, sauti, ukumbi, maleba yafuate. Malipo yaingie kwenye till ya kikundi, namba yake ya kulipiwa kwa simu, kamwe si kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa ni kaka yako.

Kati ya shoo ya kwanza na ya pili

Hii ndiyo sababu ya Jumapili mbili. Watu wakitoka shoo ya kwanza, mtafute mtoto mmoja, mzee mmoja, na mtu asiyemjua yeyote jukwaani, kwa mfano dereva wa tuktuk aliyeingia kumsubiri abiria. Usiwaulize kama wamependa. Waombe wakusimulie hadithi. Pale wanapoanza kusitasita, fungua mswada: utakuta wimbo.

Kwetu, wote watatu walikwama mahali pamoja. Hakuna aliyejua kwamba yule mwanamke mwenye huruma alikuwa ameonywa aondoke kabla ya mvua. Walidhani amekimbia tu. Onyo lilikuwa kwenye wimbo wa nane, ubeti wa pili, chini ya ngoma tatu na kelele za karamu. Jumatano tukaondoa ngoma kwenye mistari minne, tukamwambia bibi kizee aimbe akiwa amesimama, na kijiji kizima kigeuke kimtazame. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mwisho. Alipomaliza mstari wa nne, mtoto mbele yangu akamvuta mama yake nguo: "Mama, si aondoke basi?"